Nani Angeweza Kusubiri: Uchambuzi wa Msimu wa NBA wa 1998–99

Alfajiri ya tarehe 6 Januari 1999, jijini New York, kamishna wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya kulipwa ya Marekani, David Stern, na mkurugenzi mtendaji wa chama cha wachezaji Billy Hunter walimaliza mazungumzo yaliyokesha usiku kucha na kukubaliana masharti ya mkataba mpya wa hali bora za kazi. Siku ya pili yake, tarehe 7, ndiyo iliyokuwa imewekwa na ligi kuwa ya mwisho: kama hakuna makubaliano, msimu mzima ungefutwa. Wamiliki wa timu walikuwa wamewafungia wachezaji nje ya kazi tangu Julai; kufikia hapo mechi 464 zilikuwa zimekwisha kupotea, na mechi ya nyota wote iliyokuwa ichezwe Philadelphia mwezi Februari ilikuwa imeondolewa kwenye ratiba. Kila timu ingecheza mechi 50 badala ya 82. Kabla ya hapo NBA haikuwahi kupoteza hata mechi moja ya msimu kwa sababu ya mgogoro wa kazi.

Wakati ule watu wengi walikichukulia kisa hiki kuwa ugomvi wa matajiri kwa matajiri, usiostahili kufuatiliwa na mtu mwenye shughuli zake. Mtazamo huo unanyima kisa hiki haki yake. Huu ulikuwa mgogoro wa kazi kama migogoro mingine yote, wenye waajiri, chama, mkataba na kipengele cha mkataba kilichosomwa kwa faida ya upande mmoja. Tofauti ilikuwa ukubwa wa fedha tu. Nami ninashikilia kwamba haukuamuliwa na ubora wa hoja za upande wowote. Uliamuliwa na jambo moja ambalo lilikuwa wazi tangu siku ya kwanza: nani angeweza kusubiri. Wamiliki waliweza. Wachezaji hawakuweza, na sababu kubwa haikuwa uchache wa fedha, bali kwamba hawakuwa nyumba moja.

Ili kuelewa hilo inabidi kurudi kwenye mkataba wa 1995. Tangu miaka ya 1980 NBA ilikuwa na kikomo cha mishahara, yaani kiwango cha juu ambacho timu inaruhusiwa kutumia kuwalipa wachezaji wake wote kwa msimu mmoja. Kikomo hicho, hata hivyo, kilikuwa na mlango wa nyuma. Timu iliruhusiwa kukivuka pale ilipokuwa inambakiza mchezaji wake yenyewe, utaratibu uliopewa jina la Larry Bird wa Boston Celtics. Ndiyo maana katika msimu wa 1997–98, wakati kikomo cha timu nzima kilikuwa takriban dola milioni 26.9, Chicago Bulls walimlipa Michael Jordan peke yake zaidi ya dola milioni 33. Wamiliki wengi waliuona mlango huo kuwa chanzo cha hasara yao. Wachezaji waliuona kuwa kitu pekee kinachoiweka mishahara yao karibu na thamani yao halisi sokoni.

Mkataba wa 1995 ulikuwa wa miaka sita, lakini ndani yake kulikuwa na kipengele kilichowapa wamiliki haki ya kuufungua upya baada ya miaka mitatu iwapo mishahara ingezidi asilimia 51.8 ya mapato yatokanayo na mpira wa kikapu. Kufikia msimu wa 1997–98 ilikuwa imefika takriban asilimia 57. Ligi ilidai kwamba karibu nusu ya timu zake 29 zilikuwa zinapata hasara. Chama kilizipinga hesabu hizo na kueleza kwamba hasara nyingi zilitokana na namna vitabu vilivyoandikwa. Tarehe 23 Machi 1998 wamiliki walipiga kura, 27 kwa 2, kuufungua mkataba.

Katika kumbukumbu za watu, chanzo cha uamuzi huo ni kijana mmoja wa miaka 21. Tarehe 1 Oktoba 1997 Kevin Garnett alitia saini kubaki Minnesota Timberwolves kwa miaka sita na dola milioni 126, akiwa amecheza misimu miwili tu tangu atoke shule ya sekondari. Mmiliki wa timu, Glen Taylor, alikuwa ameinunua timu nzima miaka michache nyuma kwa takriban dola milioni 88. Mlinganisho huo ulirudiwa kila mahali, na ni rahisi kuona kwa nini uliwashtua wamiliki wenzake. Lakini mtu akiutazama mkataba wa 1995 kwa makini ataona kwamba Garnett hakuvunja kanuni yoyote; alitumia kanuni ambayo wamiliki wenyewe waliiomba. Mwaka 1994 chipukizi Glenn Robinson alikuwa amepata mkataba wa miaka 10 na dola milioni 68 kabla hajacheza hata dakika moja, na wamiliki, ili kuzuia jambo hilo lisijirudie, wakaweka viwango maalumu vya mishahara ya chipukizi kwa miaka mitatu. Miaka mitatu ikiisha, kijana yuko huru. Minnesota walijua kwamba wasipompa Garnett alichotaka kabla ya muda huo kwisha, wangempoteza bure. Kwa hiyo kanuni iliyowekwa kupunguza mshahara wa chipukizi ndiyo iliyouleta mapema mshahara wa nyota. Ninalikazia jambo hili kwa sababu katika miezi iliyofuata wachezaji walisemwa kana kwamba ndio walioivamia hazina ya ligi, ilhali kila dola waliyolipwa ilitiwa saini na mmiliki.

Mwaka huohuo wa 1995 kulitokea jambo la pili ambalo lilistahili kumwonya kila kiongozi wa chama. Kundi la nyota, wakiwemo Jordan na Patrick Ewing wa New York Knicks, kwa ushauri wa wakala David Falk, lilitaka chama kivunjwe ili wachezaji waishitaki ligi mahakamani chini ya sheria za kuzuia ukiritimba. Wachezaji walipiga kura na kukataa, 226 kwa 134. Nambari hizo zinaeleza mengi. Nyota walitaka soko huria, kwa sababu katika soko huria wao ndio wangefaidi; mchezaji wa kawaida, ambaye maisha yake ya uchezaji ni mafupi na ambaye akikosa msimu mmoja huenda asirudi tena, alitaka kazi na mshahara wa uhakika. Miaka miwili baadaye Ewing akachaguliwa kuwa rais wa chama kilekile alichotaka kukivunja. Alikuwa mtu wa msimamo na alijitoa kwa dhati, lakini ufa uliofunuliwa na kura ile haukuzibwa.

Tarehe 1 Julai 1998 wamiliki waliwafungia wachezaji nje. Maana yake ni kwamba hakuna timu iliyoruhusiwa kusaini mchezaji, kubadilishana wachezaji, wala kuwaruhusu kutumia viwanja vya mazoezi. Kipindi chenyewe kilichaguliwa kwa hesabu. Majira ya joto hakuna mechi, hivyo hakuna mapato ya milangoni yanayopotea. Wachezaji nao walikuwa hawajaanza kuona pengo mifukoni, kwa kuwa mshahara wa kwanza wa msimu hulipwa katikati ya Novemba. Wamiliki walikuwa na miezi minne ya kukaa bila kugharimika sana. Zaidi ya hapo, mwezi Novemba 1997 ligi ilikuwa imetia saini mikataba mipya ya matangazo ya televisheni na NBC na Turner yenye thamani ya takriban dola bilioni 2.64 kwa miaka minne, na mikataba hiyo iliruhusu malipo yaendelee kuingia hata kama mechi hazichezwi, kisha yafidiwe baadaye. Kwa hiyo timu zilikuwa na fedha za kuvukia, wakati upande wa pili mchezaji alikuwa na akiba yake mwenyewe tu, kama anayo.

Chama kilikuwa na tumaini moja kubwa la kisheria. Zaidi ya wachezaji 200 walikuwa na mikataba yenye malipo ya uhakika kwa msimu wa 1998–99, ya jumla ya takriban dola milioni 800, na chama kilidai kwamba wamiliki walipaswa kuwalipa hata wakati wa kufungiwa nje. Kama dai hilo lingekubaliwa, mizani ingegeuka siku hiyohiyo, kwa sababu kusubiri kungeanza kuwagharimu wamiliki. Tarehe 19 Oktoba msuluhishi John Feerick aliamua kwamba hawakulazimika kulipa. Kwa maoni yangu, kwa upande wa nguvu mgogoro uliishia hapo. Kilichofuata kwa wiki 11 kilikuwa ni kuamua tu kiwango cha kushindwa.

Hata hivyo hasira zilibaki kali. Mwishoni mwa Oktoba pande mbili zilikutana New York, na Jordan, ambaye hakuwa na cheo chochote katika chama, alihudhuria. Abe Pollin, mmiliki mzee wa Washington Wizards, alieleza jinsi ilivyo vigumu kuendesha timu bila hasara. Jordan akamjibu kwamba kama hawezi kupata faida, basi aiuze timu. Wachezaji waliokuwapo walilipenda sana jibu hilo, na lilikuwa na mantiki yake, kwa sababu thamani ya timu za NBA ilikuwa ikipanda kila zilipouzwa hata kama hesabu za mwaka zilionyesha hasara. Lakini maneno hayo hayakumwondolea mchezaji wa benchi wasiwasi wa tarehe 15 Novemba, siku ya mshahara wa kwanza.

Kiini cha mazungumzo nacho kilikuwa kimebadilika. Mwanzoni wamiliki walitaka kikomo kigumu kisicho na mlango wa nyuma kabisa. Chama kilikataa, na kingeweza kuwaunganisha wachezaji wote katika kukataa huko, kwa kuwa kikomo kigumu humbana zaidi mchezaji wa katikati: timu ikishamlipa nyota wake, hakibaki kitu cha kumlipa mwingine. Kisha wamiliki wakaleta wazo jingine, la kuweka kiwango cha juu cha mshahara kwa mchezaji mmoja mmoja. Hapo ndipo walipoonyesha werevu wao. Kiwango hicho kingewagusa wachezaji wachache sana kati ya zaidi ya 400, na wakati huohuo wamiliki walikuwa tayari kupandisha mishahara ya chini na kufungua nafasi maalumu za kuwasaini wachezaji wa kiwango cha kati nje ya kikomo. Mchezaji wa kawaida akawa anajiuliza, na alikuwa na haki ya kujiuliza, kwa nini akose mshahara wake ili kulinda haki ya mwenzake kulipwa dola milioni 20.

Swali hilo liliumiza zaidi kwa sababu viongozi kadhaa wa chama, Ewing mwenyewe akiwa wa kwanza, waliwakilishwa na Falk, wakala ambaye wateja wake ndio hasa wangebanwa na kiwango cha juu. Sidhani kwamba Ewing aliuza masilahi ya wenzake; alipoteza fedha nyingi kuliko karibu mchezaji mwingine yeyote, na alikuwa na umri wa miaka 36, umri ambao miezi ya kukaa nje hairudi. Alikosea kwa kudhani kwamba kanuni anayoipigania inaeleweka na kila mtu kama anavyoielewa yeye. Kanuni yenyewe ilikuwa sahihi. Mshahara wa nyota ndio unaovuta mishahara ya wengine kwenda juu, na ukiuwekea dari, fedha inayookolewa haiendi yote kwa mchezaji wa chini. Lakini kanuni ya aina hiyo inahitaji kuelezwa chumba kwa chumba, mtu kwa mtu, na kazi hiyo haikufanywa mapema ya kutosha.

Kwa umma hali ilikuwa mbaya zaidi. Tarehe 19 Desemba baadhi ya nyota walicheza mechi ya maonyesho huko Atlantic City. Ilipotangazwa mara ya kwanza, sehemu ya mapato ilikusudiwa kuwasaidia wachezaji waliokuwa wameishiwa. Wastani wa mshahara wa NBA wakati huo ulikuwa zaidi ya dola milioni 2.5 kwa mwaka, na watu waliokuwa wanauza chakula na kukata tiketi viwanjani walikuwa wamekosa kazi tangu Novemba bila mtu kuwaandalia mechi. Ewing alipojaribu kueleza kwamba wachezaji wanapata fedha nyingi lakini pia wana matumizi makubwa, maneno yake yalirudiwa kwa mwezi mzima. Mapato ya mechi yakaelekezwa kwa mashirika ya hisani, lakini madhara yalikuwa yamekwisha kutokea.

Katika wiki ya mwisho, wachezaji kadhaa walijitokeza hadharani kudai kwamba pendekezo la wamiliki lipigiwe kura ya siri na wanachama wote. Hunter aliwaita wachezaji New York kwa kura tarehe 6 Januari, huku kamati ya mazungumzo ikipendekeza wakatae. Fikiria nafasi aliyokuwa nayo jioni ya tarehe 5. Kama wanachama wangekubali pendekezo ambalo viongozi wao wamelikataa, chama kingekuwa kimevunjika mbele ya macho ya mwajiri. Kama wangelikataa, msimu ungefutwa, na hakuna mtu aliyejua wangapi wangestahimili hadi vuli ijayo. Hunter alikuwa amewahi kuwa mwendesha mashtaka wa serikali ya Marekani huko California Kaskazini, na alijua wakati wa kusimamisha kesi. Akaenda kwa Stern. Asubuhi wachezaji waliokuja kupiga kura ya kukubali au kukataa pendekezo la zamani walikuta mkataba mpya mezani, wakaupitisha kwa kura 179 kwa 5. Wamiliki waliuidhinisha kesho yake, 29 kwa 0.

Masharti yake yanastahili kutazamwa kwa karibu, maana yameunda NBA tunayoitazama hadi leo. Kwa mara ya kwanza katika michezo mikubwa ya Marekani, mshahara wa mchezaji mmoja uliwekewa dari: takriban dola milioni 9 kwa mwenye misimu isiyozidi 6, milioni 11 kwa mwenye misimu 7 hadi 9, na milioni 14 kwa mwenye misimu 10 au zaidi. Chipukizi wangefungwa kwa miaka mitatu, timu ikiwa na hiari ya kuongeza wa nne, na baada ya hapo timu ingekuwa na haki ya kuwabakiza kwa kutoa kiasi kilekile cha ofa yoyote kutoka kwingine. Yaani mlango alioupitia Garnett ulifungwa. Garnett mwenyewe aliachiwa mkataba wake. Kuanzia msimu wa nne wa mkataba, sehemu ya mishahara ingezuiliwa kwenye akaunti maalumu na kurudishwa kwa wamiliki iwapo mishahara ingezidi asilimia 55 ya mapato. Kwa upande wa pili, kima cha chini kilipandishwa hadi dola 287,500 kwa chipukizi na dola milioni 1 kwa mkongwe wa misimu 10, utaratibu wa Larry Bird ukabaki, na nafasi ya mshahara wa kiwango cha kati ikaanzishwa. Mchezaji wa kawaida alipata alichokipigia kura mwaka 1995. Nyota walilipia. Na kila mtu, mkubwa na mdogo, alilipwa mechi 50 kati ya 82, yaani alipoteza takriban asilimia 39 ya mshahara wa mwaka huo, hasara ambayo kwa mchezaji wa misimu mitatu au minne haikufidiwa na kifungu chochote.

Kufungiwa nje kulimalizika rasmi tarehe 20 Januari baada ya siku 204. Wiki moja kabla ya hapo Jordan alikuwa ametangaza kustaafu. Kocha Phil Jackson alikwisha kuondoka Chicago, Scottie Pippen akaenda Houston, Dennis Rodman akaishia Los Angeles, na mabingwa wa misimu mitatu mfululizo wakamaliza na ushindi 13 na vipigo 37. Tarehe 10 Aprili, dhidi ya Miami Heat, Bulls walifunga pointi 49 tu katika mechi nzima.

Msimu ulianza tarehe 5 Februari na ukaisha tarehe 5 Mei. Timu zilipewa takriban wiki mbili za kambi na mechi mbili za majaribio, kisha zikatupwa kwenye ratiba ambayo mara kwa mara ilizitaka zicheze siku tatu mfululizo. Kila timu ilikutana na chache tu kati ya timu za kanda ya pili. Wachezaji wengine walirudi wazito, wengine waliumia mapema, na makocha hawakuwa na siku za mazoezi za kurekebisha kilichoharibika. Wastani wa pointi kwa timu ulishuka hadi 91.6, wa chini kabisa tangu saa ya sekunde 24, yaani muda ambao timu hupewa kutupa mpira golini, ianze kutumika msimu wa 1954–55. Mwenye kuupenda mchezo huu aliona vibaya: pasi zilizochelewa, mitupo iliyogonga mbele ya ringi kwa sababu miguu imechoka, robo za mwisho zilizochezwa kwa kutembea. Karl Malone wa Utah, aliyekuwa na umri wa miaka 35, alichaguliwa mchezaji bora, na sehemu ya sifa yake ilikuwa ni kufika kambini akiwa tayari.

San Antonio Spurs walianza na ushindi 6 na vipigo 8, na kulikuwa na minong'ono kwamba kocha Gregg Popovich atafukuzwa. Baada ya hapo walishinda mechi 31 kati ya 36. Sababu haihitaji fumbo lolote. Walikuwa na watu wawili warefu, David Robinson na Tim Duncan, na katika msimu ambao hakuna aliyekuwa na nguvu za kukimbia wala jicho la kutupa kutoka mbali, timu inayoweza kuulinda ubao wake kila usiku ilikuwa na faida isiyochoka. Robinson alikubali kuwa wa pili nyuma ya kijana aliyekuwa katika msimu wake wa pili, na makubaliano hayo ya kimyakimya yalikuwa na thamani kubwa kuliko mbinu yoyote ya ubaoni. Katika mtoano walishinda mechi 15 na kupoteza 2.

Mechi moja kati ya hizo nitaieleza. Tarehe 31 Mei, mechi ya pili ya fainali ya kanda ya magharibi dhidi ya Portland, Spurs walikuwa wamefikia kuwa nyuma kwa pointi 18, na sekunde za mwisho walikuwa nyuma kwa 2. Mario Elie alirusha mpira kutoka pembeni kumwelekea Sean Elliott. Mlinzi Stacey Augmon aliufikia nusura na kuanguka nje. Elliott aliudaka, akayumba ukingoni mwa mstari, akasimama kwa vidole vya miguu ili visigino visiguse nje, akageuka na kutupa juu ya mkono mrefu wa Rasheed Wallace. Pointi tatu, 86 kwa 85. Watazamaji wa siku ile hawakujua kwamba Elliott alikuwa anacheza na ugonjwa wa figo. Miezi miwili na ushei baadaye, Agosti 1999, aliwekewa figo ya kaka yake Noel.

Upande wa mashariki, New York Knicks waliingia mtoano wakiwa wa nane na wa mwisho, ushindi 27 na vipigo 23. Waliitoa Miami iliyokuwa ya kwanza, kwa mtupo wa Allan Houston ulioruka kwenye ringi na ubao kabla ya kuingia ikiwa imebaki sekunde 0.8. Kisha waliifagia Atlanta ya Dikembe Mutombo, Mkongo wa Kinshasa ambaye miaka hiyo alikuwa amekwisha anzisha taasisi ya kuchangia afya nchini kwao. Dhidi ya Indiana, katika mechi ya pili, kano ya kisigino cha Ewing ilimshinda na msimu wake ukaisha hapo. Wenzake walishinda bila yeye na kuwa timu ya kwanza iliyopangwa ya nane kufika fainali. Hapo walikutana na warefu wawili wa San Antonio wakiwa hawana mrefu wao. Tarehe 25 Juni, katika uwanja wa Madison Square Garden, Avery Johnson alifunga kutoka kona ikiwa imebaki sekunde 47, Spurs wakashinda 78 kwa 77 na kuchukua ubingwa kwa mechi 4 kwa 1.

Ewing alikuwa pale, kando ya uwanja, amevaa suti. Mtu huyu aliongoza wenzake kwa miezi sita akijua kwamba muda ulikuwa unamla yeye kabla ya kumla Stern, na mwili wake ukamwangusha katika mbio alizozikubali mwenyewe pale alipoupokea mkataba. Hakucheza tena fainali nyingine. Wale wanaomkumbuka kwa maneno yake ya Atlantic City wangemtendea haki kwa kukumbuka na hilo.

Kuna walioutilia shaka ubingwa wa Spurs, Phil Jackson akiwa mmoja wao, kwa hoja kwamba mechi 50 si msimu kamili. Siikubali. Kila timu ilicheza ratiba ileile iliyobanwa, na mtoano ulikuwa na urefu wake wa kawaida. Kama kuna cha kutilia shaka ni hasara iliyoachwa: fainali za 1998 zilitazamwa kwa wastani na asilimia 18.7 ya nyumba zenye televisheni Marekani, na za 1999 na asilimia 11.3. Kuondoka kwa Jordan kunaeleza sehemu kubwa ya pengo hilo, lakini si lote.

Mwaka 2011 wamiliki waliwafungia wachezaji nje tena, kuanzia tarehe 1 Julai, siku na mwezi uleule. Stern bado alikuwa kamishna na Hunter bado aliongoza chama. Jordan sasa alikuwa mmiliki wa timu ya Charlotte. Makubaliano yalifikiwa tarehe 26 Novemba, siku 11 baada ya wachezaji kukosa malipo yao ya kwanza, na sehemu yao ya mapato ikashuka kutoka asilimia 57 hadi karibu na nusu.